HAMALI NI JINA LA KAZI, WALA SI TUSI



Katika toleo hili twaomba ruhusa yenu tuziweke kando kwa siku moja habari za mishahara, likizo na uhamisho, tuseme juu ya neno. Huenda mmoja wenu akauliza: Je, mhariri amekosa habari hata akaingia kupima maneno kama mwalimu wa darasa? La, hakukosa. Neno tunalolitaja limo katika vitabu vyetu vya kazi, na kalamu inayoliandika ni kalamu yetu. Neno lenyewe ni hamali, pamoja na majirani zake wawili, kuli na kibarua.

Habari ilianza hivi. Mwanachama wetu mmoja, karani katika ofisi ya mji wa bandari ambao hatutautaja, alifikiwa mezani pake na mzee aliyetaka kujaziwa fomu. Karani akamwuliza jina lake, akaandika. Mwaka wa kuzaliwa, akaandika. Mahali anapokaa, akaandika. Akafika penye nafasi ya kazi. Mzee akasema, "Nilikuwa hamali wa bandarini." Karani, kwa haraka na bila nia mbaya, akaandika: kuli. Kumbe mzee alijua kusoma. Akairudisha fomu taratibu, akasema, "Mwanangu, mimi sikusema hivyo. Nimekwambia hamali. Hilo jingine mlituita ninyi."

Karani aliona haya, akafuta, akaandika kama alivyoambiwa. Lakini jambo halikuishia hapo. Fomu ilitaka tena ushahidi wa miaka ya kazi. Vitabu vya zamani vikatafutwa katika ghala, na baadhi yake vikapatikana, vimeliwa na mchwa pembeni. Humo kila siku ilikuwa na mstari wake kwa mwandiko mzuri: jina la meli, aina ya shehena, na idadi ya watu. "Makuli 24." "Makuli 30." "Makuli 18, usiku." Jina la mzee yule halikuonekana hata mara moja. Amepanda na kushuka ubao wa tishari zaidi ya miaka ishirini, na kwa hesabu ya karatasi hakuwahi kufika bandarini hata siku moja.

Mwanachama wetu ametuandikia akiuliza mambo mawili. La kwanza, neno lipi ni sahihi katika nafasi ile ya fomu. La pili, je, yafaa kusumbukia neno, ikiwa mzee hakosi neno bali haki? Twajibu yote mawili, na jibu letu ni kwamba mambo hayo ni jambo moja.

Kwanza tulitazame neno hamali. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya kubeba. Shina hilo limetuzalia katika Kiswahili maneno ambayo hakuna ayaonaye kuwa duni. Twasema mtu amehimili msiba, yaani ameubeba asianguke. Twasema amestahimili, nasi twamsifu. Hamali ni ndugu wa maneno hayo kwa damu. Mtu akiitwa mstahimilivu hutabasamu. Akiitwa hamali hukasirika. Na hali yote mawili yametoka katika tumbo moja.

Kisha neno hili lina mipaka yake. Wazee wa pwani hawakulichanganya na mpagazi. Mpagazi alikuwa mtu wa safari, wa kufunga mzigo Bagamoyo na kuufungua Tabora au Ujiji. Hamali alikuwa mtu wa mji na bandari: forodhani, ghalani, sokoni, katika vichochoro ambamo punda hageuki. Aliuchukua mzigo kichwani juu ya ngata, au begani, au wawili kwa mpiko, au wanne kwa mipiko miwili, mmoja akitoa wimbo na wenzake wakiuitikia ili miguu iende pamoja. Baadaye ulikuja mkokoteni, nao pia ukaitwa kwa jina lake, hata leo katika Mombasa na Unguja. Mchukuzi ni neno pana linalowakusanya wote, na kwa hiyo halimwelezi yeyote.

Wala si neno la pwani yetu pekee. Hamali alikuwako Istanbul na Bombay. Katika Unguja na Mombasa wengi wa mahamali wa zamani walikuwa Washihiri waliovuka bahari kutoka Hadhramaut, wakafanya kazi bega kwa bega na watu wa hapa. Neno limesafiri katika vyombo vile vile vilivyochukua tende, mbao na karafuu, likatua katika kila bandari kwa maana ile ile: mtu ambaye kazi yake ni kubeba, naye hulipwa kwa kubeba.

Tena ni kazi yenye elimu yake. Sisi tuketio vitini twadhani kubeba ni nguvu tu. Hebu mmoja wetu ajaribu kusimama juu ya ubao uliotandikwa kutoka tishari hadi gati, maji yakiupandisha na kuushusha, na gunia la kahawa la kilo 60 likimkandamiza shingo. Atajua ya kuwa mguu una hesabu zake. Au aingie katika tumbo la meli ambamo shehena hupangwa. Kizito huwekwa chini, chepesi juu. Kinachonuka hakikai karibu na kiliwacho. Upande wa kulia hausongwi kupita wa kushoto. Shehena iliyopangwa vibaya huhama baharini, chombo kikalala upande, na roho za mabaharia zikawa hatarini. Mtu aliyepanga sawasawa hajulikani kwa nahodha wala kwa mwenye mali. Hujulikana yule aliyekosea.

Sasa tutazame kuli. Neno hili ni geni kuliko hamali, nalo lilikuja kwa njia nyingine. Wajuzi wa lugha hawapatani juu ya chanzo chake. Wengine wasema latokana na neno la Kitamil lenye maana ya ujira. Wengine wasema ni jina la Wakoli, watu wa Gujarat. Njia lililopitia ndiyo ijulikanayo. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Waingereza mwaka 1834, wenye mashamba ya miwa walitaka watu wengine wa kazi, na Wahindi wakachukuliwa kwa mkataba wa miaka hadi Mauritius na visiwa vingine vya mbali. Katika karatasi za safari hizo mtu aliitwa kuli, awe fundi, mkulima au mfumaji. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba namna hiyo kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria, na karibu 2,500 walikufa katika kazi hiyo.

Hivyo neno lililokuwa huenda na maana ya ujira likawa na maana ya mtu asiye na jina. Katika Afrika Kusini likapita hapo, likawa tusi kwa kila Mhindi. Mohandas Gandhi, aliyefika huko mwaka 1893 naye ni mwanasheria aliyesomea London, ameeleza katika habari za maisha yake ya kuwa aliitwa wakili kuli. Yaani joho la sheria halikumtoa katika neno lile. Makarani wenzangu, tulifikiri hilo kidogo: neno la dharau likiachwa wazi, haliishii kwa mtu wa mzigo, hupanda ngazi likamfuata mwenye kalamu.

La tatu ni kibarua. Hili ndilo linalotuhusu sisi kuliko yote, kwa sababu lilizaliwa mezani kwa mwandishi. Kibarua ni barua ndogo. Katika Unguja na pwani zamani za utumwa, watumwa wengi waliajiriwa na bwana zao kwa watu wengine, wakafanye kazi mjini na bandarini kwa ujira wa kutwa. Mwenye kuwaajiri alimpa kila mmoja kijikaratasi, kiwe ushahidi wa siku yake, na sehemu ya ujira ule ilikwenda kwa bwana. Basi watu wakaacha kusema huyu ana kibarua, wakasema huyu ni kibarua. Karatasi ikammeza mwenyewe. Utumwa ulivunjwa Unguja kwa amri ya mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Neno halikuvunjwa. Hata leo twasema mtu anakwenda kibaruani, wala hatukumbuki kwamba karatasi ile ya kwanza haikuwa mali yake.

Angalieni tena Kariakoo. Kila mtu wa Dar es Salaam ajua Kariakoo ni soko. Wachache wakumbuka kwamba jina hilo ni la kikosi cha wachukuzi wa mizigo cha Waingereza, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na wengi katika hao hawana kaburi lijulikanalo wala mstari katika daftari. Walichoachiwa ni jina la mtaa, nalo limesahauliwa maana. Ndivyo iwavyo watu wakiandikwa kwa kundi.

Sasa twaja kwa swali la pili: je, neno huongeza mkate? Ndugu mmoja wa halmashauri yetu, tulipomsomea habari hii, alisema, "Mwite hamali, mwite kuli, mwite hata sultani, gunia halipungui uzito." Maneno hayo ni kweli kwa gunia. Kwa mtu si kweli, na historia ya bandari zetu yatoa ushahidi.

Watu wa bandarini waliajiriwa kwa kutwa. Asubuhi walikusanyika langoni, mnyapara akachagua, na waliosalia wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa kuwa hawakuandikwa kwa majina, wakubwa walidhani ni watu wa kuokotwa na kuachwa, wasio na neno moja. Walidanganyika. Katika Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukawaingia watu wa reli na wengineo, ukaenea bara. Mombasa ilikuwa na migomo mwaka 1934 na 1939, kisha Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa bandarini, relini na kwingineko waliacha kazi kwa siku kumi na mbili. Chege Kibachia, aliyeongoza chama chao, alikamatwa mwaka ule ule akazuiliwa mbali na Mombasa kwa miaka mingi. Katika Unguja watu wa bandarini walianza mgomo Agosti 1948, na mwezi uliofuata mji karibu wote ulisimama.

Siku zile kalamu zetu nazo zilisimama, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuandika. Karani wa kuhesabu mizigo hana la kuhesabu mzigo usiposhuka. Karani wa ushuru hana ushuru. Mhasibu hana hesabu. Ndipo ilipojulikana kwamba yule tuliyemwona chini yetu alikuwa chini kama msingi ulivyo chini ya nyumba.

Katika Dar es Salaam chama cha wafanyakazi wa bandari kikaandikishwa baada ya mgomo wa 1947. Kikavunjwa mwaka 1950, baada ya mgomo mwingine uliotiwa ghasia. Lakini kitu walichokuwa wakikidai ni hicho hicho anachokidai mzee wetu leo: kujulikana. Mtu asiye na jina katika kitabu akiumia leo, kesho huwekwa mwingine, na kitabu hakioni tofauti. "Makuli 24" jana, "makuli 24" leo. Aliyevunjika mguu hakuonekana kutoka. Aliyechukua mahali pake hakuonekana kuingia. Mwenye jina akitoka, huacha pengo, na pengo huulizwa.

Mfano mzuri tunao ng'ambo ya bahari yetu. Katika jimbo la Maharashtra, ambalo mji wake mkuu ni Mumbai, Bombay ya zamani, ilitungwa mwaka 1969 sheria ya kuwalinda wachukuzi wa masoko, maghala na bandari. Waliotunga sheria ile hawakuyaonea haya majina ya zamani. Waliyaandika katika kichwa chake: mathadi, yaani abebaye kichwani, na hamali. Wakaweka mabaraza ya kuwaandikisha watu hao na waajiri wao, ujira upite humo, na fedha za uzeeni na matibabu ziwekwe kwa jina la kila mmoja. Neno ni lile lile lililovuka bahari na kufika kwetu. Huko limeandikwa mbele ya haki; huku limeandikwa mbele ya tarakimu. Kwa hiyo kosa si la neno.

Hapa mhariri hana budi kukiri. Nilipokuwa kijana, kabla ya kuajiriwa serikalini, nilifanya kazi miaka miwili ya kuhesabu mizigo katika gati moja. Nilikuwa na kalamu sikioni, ubao wa kuandikia mkononi, na shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi kila usiku. Nilikaa kivulini. Mbele yangu walipita watu wale wale kila siku, nami nilijua sauti zao, nilijua nani huanza wimbo na nani hutania. Mmoja alinipa maji siku niliposhikwa na homa. Jioni nilifungua kitabu nikaandika idadi yao, nikaweka sahihi yangu chini. Jina langu lilikuwamo katika kila ukurasa. Majina yao sikuyaandika, wala hakuna aliyenikataza. Kitabu hakikuwa na nafasi yake, nami sikuuliza kwa nini. Aliyenipa maji nimesahau jina lake. Habari ya mzee huyu ilipofika mezani pangu, nilijua mwandiko ule mzuri katika vile vitabu huenda ukawa si wangu, lakini ungaliweza kuwa wangu.

Tusisahau yaliyotupata sisi wenyewe. Zamani za ukoloni mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boi na kijana aliyeshuka melini jana. Karani aliyesoma naye hakusalimika na kuitwa kwa kupigiwa kidole. Watumishi wa serikali Waafrika walipoanzisha chama chao Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mbele, walikutana kusoma, kucheza na kusaidiana. Na nyuma ya hayo yote lilikuwako shauri la kutaka waonwe kuwa watu wenye jina na cheo. Sisi ni warithi wao. Haifai mtu aliyelia kwa kuitwa boi amwite mwenzake kuli.

Walakini tusivuke mpaka. Hatusemi neno kuli lifutwe katika Kiswahili. Lugha haifutwi kwa waraka. Isitoshe, wenyewe wa bandarini walilitwaa wakalivaa. Katika Dar es Salaam watu wazima hujiita makuli baina yao kwa utani na kwa fahari, na anayewajua hasikii ubaya ndani yake. Mwandishi wa Unguja Adam Shafi alikiita kitabu chake Kuli, kilichotolewa mwaka 1979, nacho ni hadithi ya watu wa bandari na mgomo wa 1948; hakuna aliyekisoma akamwona kuli kuwa mtu duni. Neno katika kinywa cha mwenyewe ni lake. Neno hilo hilo katika kalamu ya karani ambaye hajamwuliza mwenyewe ni jambo jingine.

Wala tusidanganyike kwamba hamali limebaki safi. Mtu husema kwa hasira, "Unanifanya hamali wako?" na mzazi humwonya mtoto mvivu kwamba asiposoma atakuwa hamali. Wazazi twawaelewa, maana kazi ni nzito na malipo yamekuwa haba. Lakini mtoto asikiaye hivyo, naye baba yake ni hamali, afanye nini na maneno hayo? Afadhali aambiwe: Soma, mwanangu, ili uwaandike hawa kwa majina yao.

Siku hizi makontena yamechukua mahali pa magunia mengi, na mashine huinua kwa dakika kile ambacho genge zima lilitumia asubuhi yake. Mahamali wa gati wamepungua. Waliosalia wako sokoni, katika vituo vya magari, katika maghala na majahazi, na wazee wao wako majumbani, viuno vimepinda. Hao wazee ndio wanaokuja sasa mezani petu na fomu. Muda wao si mrefu.

Basi shauri letu kwa wanachama ni hili, nalo ni dogo kwa kutenda. Mtu akifika mezani, aandikwe jina lake kwanza, kamili, kama alitamkavyo. Nafasi ya kazi ijazwe kwa neno atakalolisema mwenyewe. Akisema hamali, andika hamali. Akisema mchukuzi, andika mchukuzi. Akisema kuli, andika hivyo, kwa kuwa amesema yeye. Asisahihishwe. Wale walio na madaraka ya kutengeneza vitabu na fomu za wafanyakazi wa kutwa, waweke nafasi ya majina hata kama wakubwa hawakuidai. Mstari mmoja zaidi wa wino hauifilisi ofisi yoyote. Na kijana aliyeajiriwa juzi akiwa na ubao wake wa kuhesabia, awaulize majina wale wapitao mbele yake. Ayaandike hata pembeni mwa ukurasa. Iko siku pembe ile ya ukurasa itakuwa ndiyo mali yote ya mtu.

Kuhusu mzee wetu, shauri lake halijakwisha. Wenzake wawili wa genge moja wamejitokeza kula kiapo kwamba walifanya kazi naye. Ofisi inayohusika imepokea viapo vyao, na jibu lingali likingojwa. Mwanachama wetu amefuata jambo hilo kwa siku zake za mapumziko, bila kuombwa, nasi twamshukuru mbele yenu wote. Yeyote kati yenu aliye na daftari za malipo za zamani za bandarini, au ajuaye zilipowekwa, asizitupe wala asiwaachie mchwa. Azitazame kwanza. Huenda karani mmoja wa zamani, mwema kuliko mhariri huyu, aliandika majina.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulikaa kivulini tukiuona mzigo wa hamali mwepesi, hata jina lake tukaliona si kitu cha kubeba. Jina ndilo alilotuomba tumbebee, na kwa muda wote ule hatukulibeba.

Wenu katika kazi,
MHARIRI